Kwa Miguu Kumuomba Radhi Raya

Jamaa zangu wa baraza la Jumamosi,

Mmeniuliza, mmoja mmoja na kwa makundi, kwa nini nimerudi kutoka Pemba ninachechemea, na kwa nini fundi baiskeli wa Konde amempigia simu mmoja wenu kuuliza kama nimeshaposwa. Nitaeleza. Nauli na tiketi nitaziruka, maana sijawahi kuona mtu aliyejifunza kitu kutoka kwenye tiketi. Ila kuna jambo moja lazima litangulie, na ningependa mlisome mkiwa mmekaa.

Mnaikumbuka riwaya ya Raya. Alitusomea sura mbili kwenye roshani ile ile tunayokutania, tukanyamaza hadi kahawa ikapoa. Akaipeleka kwa mchapishaji, mchapishaji akampa msomaji wa siri, msomaji akaandika ukurasa mmoja na nusu, na Raya akafunga mizigo akarudi kwao Micheweni kulima mwani. Tangu hapo hajaandika hata barua. Sote tulimlaani yule msomaji. Mimi nilimlaani kwa sauti kubwa kuliko nyote.

Msomaji yule ni mimi.

Sasa safari.

Chokocho, uani kwa shangazi

Mnajua kwamba kwa ajili ya mhusika wangu mtawa nimekuwa nikisoma habari za wale Wakristo wa kale waliokwenda kuishi peke yao katika jangwa la Misri. Walisema mawazo mabaya yanayomjia mtu ni manane, nayo huja kama wageni wasiopiga hodi: ulafi, tamaa ya mwili, tamaa ya mali, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda kusifiwa, na kiburi. Nilikitafuta kijicho katika orodha ile, sikukiona. Kwa siku kadhaa niliamini nimesalimika.

Kutoka hapo nikaingia kwa walimu wa Kiyahudi wa Ulaya ya mashariki. Hao walikuwa na daftari. Kila tabia mbaya ina ukurasa wake, na kila jioni unatia nukta pale ulipoteleza. Baadhi yao waliacha nyumba zao wakatembea vijiji kwa vijiji bila kujulikana ni nani. Wakitukanwa hawajibu, wakidhaniwa vibaya hawajitetei, hadi kiburi kinakufa kwa kukosa chakula. Nilisoma hayo kitandani, feni inazunguka, nikaona ni mambo ninayoyaweza.

Kwa hiyo nilijiwekea masharti matatu. Nitatembea kwa miguu kutoka Chokocho, kwao baba yangu, hadi Micheweni kwa Raya, yaani kutoka kusini ya kisiwa hadi kaskazini. Nitaandika daftari. Na mtu akinidhania vibaya, sitajitetea.

Shangazi yangu Bi Mize alinisikiliza huku anasuka ukili. Alipofika mwisho wa mstari akauliza, "Gari zimekwisha?"

"Zipo, shangazi."

"Sasa?"

"Ninapigana na nafsi yangu."

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Kwa watawa wa Misri. Na kwa walimu wa Kiyahudi."

Akasuka kidogo. "Chuoni kwa babu yako ulisomeshwa Kurani na hayo hayo. Ulikuwa ukitorokea dirishani."

Nikamweleza kisa cha Raya, kwa sauti ya chini. Hakushtuka. Aliuliza tu kama Raya hajanisamehe. Hapo nikalazimika kusema ukweli ulioniondolea usingizi kuliko ule wa kwanza: amenisamehe. Mnaijua desturi yetu ya kutakana radhi Ramadhani ikikaribia. Mwaka huu nilituma ujumbe mmoja kwa watu wote waliomo kwenye simu yangu, pamoja na fundi wa friji: nisamehe kwa nililokukosea, unalolijua na usilolijua. Raya alijibu kabla ya wote. Nimekusamehe duniani na akhera, nami nisamehe. Nikamjibu kwamba nimemsamehe. Sijui nilimsamehe kitu gani.

"Basi yamekwisha," shangazi akasema.

"Yamekwisha kwake, shangazi."

Hakubishana. Aliingia ndani akatoka na shelisheli la kuchemsha na vipande vya papa mkavu, vimefungwa kwenye jani la mgomba, mzigo wa kumtosha mchimba kisima. Nilikuwa nimepanga kufunga siku ya kwanza ili kumshinda ulafi. Nilipofika kwenye kona ya ua nilikuwa nimeshakula nusu. Nukta ya kwanza niliitia kabla sijaipoteza nyumba machoni.

Chokocho hadi Mtambile, sambamba na ng'ombe

Jambo ambalo vitabu havikunionya ni kwamba gari la ng'ombe huenda kwa mwendo wa mtu.

Faki alinikuta njiani amepakia makumbi ya nazi. Ni mtu wa makamo, mwenye kofia iliyooshwa mpaka maua yake yamekuwa kumbukumbu. Akasimamisha ng'ombe.

"Panda, bibie."

"Ahsante. Nnatembea."

"Na hawa wanatembea. Panda."

"Nimeweka nadhiri ya kutembea."

Akanitazama, akautazama mkoba wangu, akaitazama njia niliyotoka na ile niliyokuwa ninaiendea. Ng'ombe wakaanza kwenda, nami nikaenda, na tukawa pamoja. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Nikipunguza, ng'ombe wanaona wamepata ruhusa.

"Wendapi?"

"Micheweni."

"Kwenu?"

"Hapana."

Tukapita mikarafuu kadhaa. Halafu akasema kwa upole, kama daktari, "Umeachwa."

Hili lilikuwa jaribio langu la kwanza la sharti la tatu, nami nilikuwa tayari. Nikanyamaza. Nikasikia kiburi kinafinywa ndani yangu, nikafurahi.

"Ngapi?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Tatu," akawaambia ng'ombe.

Kuanzia hapo hadi Mtambile nilielezwa ndoa. Faki alimtetea mume wangu kwa haki na kwa kirefu. Mwanamme naye ana yake, alisema. Ntu anatoka shamba kachoka, anataka maneno mawili ya heri, anapewa kumi ya shari. "Wewe ulikuwa wamjibu?" Nikanyamaza. "Basi ndiyo hapo," akasema, bila chuki. Ng'ombe mmoja aligoma kwenye dimbwi, Faki akanipa kamba niishike wakati yeye anamsukuma kwa nyuma, na tukasimama hivyo muda mrefu sana, mimi na kamba, nikiwa siwezi kwenda na wala siwezi kujitetea. Alipomaliza alifuta mikono, akasema kwamba mume wangu amekosea, kwa vile mwanamke wa kushika kamba kimya namna hii hapatikani siku hizi.

Mtambile, kwa Bi Saumu

Faki alinikabidhi kwa Bi Saumu, mwenye duka dogo pale Mtambile, kwa sentensi moja: "Huyu kaachwa tatu, anakwenda Micheweni kwa miguu." Halafu akaondoka na makumbi yake, naye ndiye mtu niliyemwonea wivu kuliko wote siku ile.

Bi Saumu alifunga duka. Sikumwomba. Alinipandisha barazani, akaniletea maji ya kuosha miguu, kisha muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akakaa mbele yangu kuhakikisha vinakwisha.

"Kula, mwanangu. Wasikuone umekonda wakapata la kusema."

Nilikula. Alilia kidogo kwa niaba yangu. Alisema mumewe marehemu naye alikuwa na ulimi, ila alikufa kabla haujafika kwenye talaka. Aliuliza kama nina watoto, na niliponyamaza akashika kifua akasema masikini, wamekuzuilia. Majirani wawili wakaja kunitazama, wakakubaliana kwamba nina uso wa mtu aliyeonewa.

Lazima niwaambie ukweli hapa. Ilikuwa tamu. Nililala kwenye shuka lenye harufu ya viungo vya dukani, nimeshiba, nimeliliwa, na juu ya yote nikijisifu kwamba sijajitetea hata mara moja. Nilitia nukta kwenye ukurasa wa kupenda kusifiwa. Kisha nikajisifu kwa ukweli wa nukta ile, ikabidi nitie nyingine.

Asubuhi nilimkuta Bi Saumu yuko kwenye simu. "Dada yangu Time yuko Konde," aliniambia, amefunika simu kwa kiganja. "Njia yako inapita mlangoni kwake. Nishamwambia yote."

Mtambile hadi Chake, na siku iliyopotea

Wale watawa walikuwa na jina la pepo wa adhuhuri. Huyu anakuja saa sita mchana, anakaa karibu na mtawa na kumwonyesha kwamba jua halisogei. Anamfanya achungulie nje kuona kama kuna mgeni anayekuja. Anamkumbusha kwamba kuna sehemu nyingine duniani ambako mtu anaweza kumtumikia Mungu vizuri tu, tena karibu na soko.

Alinikuta mahali fulani baada ya Mtambile, barabara inapopanda na mikarafuu haitoi kivuli cha maana. Gari tatu zilisimama. Katika gari ya tatu kulikuwa na nafasi mbele, karibu na dereva, dirisha wazi. "Twende, dada," dereva alisema. "Lino jua si la kuchezewa." Nilikataa, nikasimama kuitazama hadi ilipopotea, na nikajua kwamba kama ingekuwa na kiti chenye mto nisingekataa.

Niliingia Chake jioni na malengelenge ya ukubwa wa sarafu. Jumatano yote nililala kwenye nyumba ya wageni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, nikisoma juu ya mtu aliyesimama juu ya nguzo kwa miaka mingi bila kushuka. Nilijaribu kusimama ili kupata picha ya hali yake. Nikakaa tena.

Siku ile sikuwa na cha kufanya ila kumfikiria Raya. Si makosa yangu kwake. Sentensi zake. Ana sentensi moja kuhusu mwanamke anayechambua mchele huku akisubiri habari za mwanawe, ambayo tangu niisikie sijawahi kuandika juu ya mchele. Ripoti yangu niliiandika usiku mmoja, kwa haraka, lakini si kwa sababu riwaya ilikuwa mbaya. Niliiandika kwa sababu ile sentensi haikuwa yangu.

Njia panda ya Mzambarauni, daftari

Alhamisi nilichechemea hadi upande wa Mzambarauni, na mchana nikakaa kwenye ukingo wa baraza la mtu kuandika nukta zangu. Wanawake waliokuwa wakianua karafuu kwenye majamvi walinitazama wakaacha kazi. Mmoja akaja, akasimama karibu, akavuta mtandio vizuri.

"Bi Asha Juma," akasema.

"Waalaikumsalamu," nikajibu, nikidhani ndivyo wanavyoamkiana.

"Andika. Bi Asha Juma. Watoto sita."

Nilielewa polepole. Mgeni, mkoba, daftari, anatembea na kusimama kila kijiji. Walikuwa wameshaona watu wa aina hiyo. Huja wakaandika majina, na baada ya muda wengine huletewa mbegu au vyandarua, na wengine husahauliwa kwa kuwa hawakuwepo siku ya kuandikwa. Nilifungua mdomo nieleze. Nikakumbuka sharti la tatu. Kudhaniwa kuwa mtu wa serikali, nilijishauri, ni aina ya kudhaniwa vibaya.

Nikaandika. Walipanga mstari wao wenyewe, kwa heshima, mjamzito mbele. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa wa ulafi, na ulipojaa nikageuza, wakaendelea kwenye hasira. Mwisho walinipa mkate wa kumimina na chai, wakaniuliza vitu vitakuja lini. Nikanyamaza.

"Hawaambiwi nao," mmoja akawaeleza wenzake. "Wao huandika tu."

Chai ile sikuimaliza. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari yote.

Konde, mwenye kanzu

Bi Time alinisubiri njiani Ijumaa alasiri, mfano wa Bi Saumu ila mrefu zaidi na asiyelia. Alinishika mkono akaniingiza ndani bila kuuliza jina. Sebuleni kulikuwa na sahani ya halua, birika la kahawa, na mwanamme mmoja aliyenyoa ndevu siku ile ile, maana alikuwa na damu kidogo kidevuni. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

"Huyu Bwana Hamadi," Bi Time akasema. "Fundi baiskeli. Mkewe katangulia mbele ya haki mwaka juzi. Hana maneno mengi."

Bwana Hamadi aliniamkia, akaangalia miguu yangu iliyovimba, akaniletea kigoda cha kuiwekea. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amefikiria kigoda.

"Nataka kujua moja tu," Bi Time akasema. "Eda yako inaisha lini?"

Walimu wale walisema anayedhaniwa vibaya anyamaze. Hawakusema lolote juu ya anayeletewa mchumba. Nilinyamaza kwa mazoea. Bwana Hamadi alingoja jibu akitazama halua, anafuta kidevu kwa kitambaa kilichokunjwa pembe nne. Nilimwona alivyojiandaa, na nikauona ule ukimya wangu kwa mara ya kwanza kutoka upande wa pili, alipokuwa amekaa yeye. Ulifanana sana na ripoti isiyo na jina.

"Sijaachwa," nikasema. "Sijawahi kuolewa."

Bi Time akaweka kikombe chini. "Saumu kaniambia talaka tatu."

"Bi Saumu aliambiwa na Faki wa gari la ng'ombe."

"Faki kaambiwa na nani?"

"Na mimi. Alisema, nikanyamaza."

Wakatazamana. Bwana Hamadi ndiye aliyeuliza, "Sasa miguu yote hii ya nini?"

Nikawaambia. Riwaya, ripoti, mwani, ujumbe wa Ramadhani, Misri. Ilikuwa mara yangu ya pili kulisema jambo hili kwa mdomo, na ya kwanza kwa watu wasio na sababu ya kunipenda. Bi Time alisema kwamba angejua angepika wali wa kawaida tu. Bwana Hamadi alikikunja tena kitambaa chake.

"Na mimi nimekosewa hapa," akasema.

Nilikuwa na ile radhi yangu ya simu tayari mdomoni, ya unalolijua na usilolijua. Nikaimeza.

"Nisamehe, Bwana Hamadi, kwa kunyamaza tangu Chokocho, ukafunga karakana yako mapema, ukavaa kanzu, ukajikata kidevu kwa ajili ya mtu asiyekuwepo."

"Kanzu ningeivaa tu, leo Ijumaa," akasema. "Na kidevu nnajikata kila mara. La karakana nimekusamehe." Akachukua kipande cha halua. "Huyo rafiki yako alipokusamehe, alijua kama ni wewe?"

"Hakujua."

"Basi alisamehe ntu mwingine."

Tulikunywa kahawa. Wali ulikuwa wa pilau, na ulikuwa mzuri mno.

Micheweni, bamvu, siku za maji kupwa sana

Bi Time alikuwa amepiga simu kuwaambia watu wa Micheweni kwamba habari ya talaka si kweli, lakini simu ya kwanza huwa na miguu mirefu kuliko ya pili. Nilipofika ufukweni Jumamosi, nimepita kwenye mawe ya matumbawe yaliyomaliza viatu vyangu, mmoja wa wanawake waliokaa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba alisema, "Ndiye huyu aliyeachwa?"

Raya aliinua kichwa. Amekuwa mweusi kwa jua na mikono yake imejaa mikwaruzo ya chumvi. Hakusimama. "Sikujua umeolewa, Zuwena."

"Sijaolewa."

"Umeachwa bila kuolewa. Wewe hujawahi kufuata utaratibu." Akanisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae. "Maji yakipwa zaidi tunaingia. Sema ulichokijia."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema vizuri. Nilianza na jangwa la Misri. Nikapita kwa walimu wa Kiyahudi. Raya alifunga mbegu nne, akasema, "Zuwena, maji hayasubiri." Nikasema, "Ile ripoti niliiandika mimi."

Mikono yake ikasimama. Wale wanawake wawili, wenzake, hawakujua ripoti gani, lakini waliona mikono, wakasimamisha ya kwao.

"Uliandika nini?" akauliza. "Hasa."

"Unajua nilichoandika."

"Najua. Nataka kusikia sauti yake."

Nikasoma kwa kichwa. Kwamba mwandishi hana sikio la lugha. Kwamba wahusika wake ni vivuli. Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho akaniwahi, akaisema yeye, neno kwa neno: "Riwaya haijaiva, na mwandishi haonyeshi dalili ya kuiva."

Bahari ilikuwa mbali, imejikunja. Akasema, "Nilidhani ni mzee wa chuo kikuu. Nilishampa na sura. Ana kipara. Miaka miwili kila nikishika kalamu huyo mzee anakaa pale mlangoni anatikisa kipara." Akanitazama kichwani, kama anayetafuta. "Na ulinitumia ujumbe Ramadhani."

"Ndiyo."

"Nikakusamehe."

"Duniani na akhera."

"Nimeiondoa," Raya akasema. Akawageukia wenzake. "Nyinyi mashahidi. Ile radhi ya Ramadhani nimeiondoa."

"Ya duniani au ya akhera?" mmoja akauliza.

"Zote."

"Akhera tumuulize shehe," mwingine akasema, "hilo sina hakika nalo."

Kisha maji yakapwa vya kutosha. Raya alinitupia kamba begani tukaingia. Nilifunga kamba kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, nimeinama, maji ya chumvi kwenye malengelenge, na kila fundo nililofunga alilifungua akalifunga upya. Hakunisemesha hadi tulipotoka.

Nyumbani kwake, baada ya chakula, aliomba daftari langu. Alilipitia. "Bi Asha Juma kafanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Yumo kwenye ulafi."

Nikamweleza. Hakucheka. Aliendelea hadi ukurasa wa kijicho, ambao niliuongeza mwenyewe, ulio na jina lake juu na hauna nukta hata moja, kwa sababu sikujua niweke ya wapi. Akainuka akatoa mswada wake chini ya gunia la vikamba, akanipa ukurasa mmoja niusome.

Ulikuwa ule wa mchele. Na kijicho kikaja pale pale, kizima, hakijachoka hata kidogo, kama hakikutembea nami kutoka Chokocho. Wale walimu wa Kiyahudi wanasema tabia mbaya haiuliwi. Huinuliwa, hurudishwa kwenye asili yake, kwa kuwa ndani yake kuna cheche ya kitu chema kilichopotea njia. Nilikuwa nimelipigia mstari neno hilo kwa wino wa kijani. Sasa nilikaa na cheche yangu mkononi na sikujua inainuliwaje, ila kwa kuisema.

"Sentensi hii ninaitamani mpaka meno yananiuma," nikasema. "Tangu siku ile ya kwanza."

Raya aliuchukua ukurasa wake. "Kwa nini hukuandika hivyo kwenye ripoti ya kitabu changu?"

"Wangekichapisha."

"Ndiyo," akasema. "Wangekichapisha."

Kurudi

Alinipa masharti yake, na ni matatu pia. La kwanza, nimwandikie mchapishaji barua nyingine, yenye jina langu, kueleza ya kwanza iliandikwa na nani na kwa sababu gani. Nimeipeleka. La pili, nirudi Mzambarauni kwa gari na kuwaambia wale wanawake kwamba hakuna kitakachokuja. Nimefanya. Bi Asha Juma alisema alijua, maana sikuwauliza nambari za simu. La tatu, niwaambie nyinyi, wote, kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo ningepamba.

Maandishi haya nimempelekea yeye kwanza. Yamerudi jana. Amenifutia kurasa mbili za machweo, aya yote kuhusu upweke wangu, na kila mahali nilipojiita mnyonge. Pale nilipoandika kwamba nilimlilia ufukweni, amepiga mstari na kuandika: hukulia, ulikuwa unatafuta kiatu.

Mwishoni nilikuwa nimeandika kwamba Raya amenisamehe. Haikuwa kweli, lakini sentensi ilikuwa na mdundo mzuri. Ameikata kwa kalamu nyekundu, mara moja, na pembeni ameandika: Bado. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameandika kwamba sura ya tatu ya riwaya yake inalegea katikati, anahitaji mtu wa kuisoma, na mtu huyo akimaliza aweke jina.